Kalamu ya Mnyapara

Mkata mkonge wa Tanga katika miaka ya 1920 hakuhesabu mwezi kwa kalenda. Aliuhesabu kwa kipande, kadi yenye nafasi 30, na kila nafasi iliyotiwa alama ilikuwa siku moja ya kazi iliyokamilika. Alama aliitia mnyapara au karani wa shamba. Kazi ilipimwa kwa mafungu ya majani, na asiyefikisha kipimo aliweza kurudi kambini jioni, mikono imechanwa na miba, kadi yake ikiwa vilevile ilivyoamka asubuhi. Ujira ulitoka kadi ikijaa. Sheria ilikuwepo, na ilimtaka mwajiri alipe. Ila ilimtaka alipe siku zilizoandikwa.

Tanzania Bara imekuwa na sheria za kazi na ujira kwa zaidi ya karne moja, chini ya Mjerumani, Mwingereza na serikali zetu wenyewe. Hata hivyo mtu anayedai malipo ya muda wa ziada leo bado huanza kwa kuulizwa ushahidi uko wapi. Ili kuelewa jambo hilo limetoka wapi, inafaa kuifuata kalamu iliyokuwa ikiandika siku na saa, na kuangalia kila zama ilikuwa mkononi mwa nani.

Kadi ya Lushoto, 1893–1914

Mkonge uliingia nchini mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ilitosha. Katika miaka ishirini mashamba yalienea kutoka Pangani na Tanga, yakafuata reli kuelekea Korogwe na Mombo. Mmea ulistahimili ukame na udongo duni. Kilichowasumbua wenye mashamba ni watu. Wasambaa, Wabondei na Wazigua walikuwa na mashamba yao, na mtu mwenye mahindi ghalani hana haraka ya kumkatia mgeni majani ya miba kwa rupia chache.

Kodi ya kibanda ya mwaka 1897 ilikusudiwa, pamoja na mambo mengine, kuivunja hali hiyo. Haikuivunja vya kutosha, kwa sababu mwenye mazao ya kuuza aliilipa kodi bila kukanyaga shamba la mtu. Ndipo mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, ikaanza kadi ya kazi: kila mwanamume asiye na ajira ya kudumu alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Kwa hiyo kadi ilizaliwa kama kamba ya kumfunga mfanyakazi, na tabia hiyo ya kuzaliwa haikuitoka kwa urahisi.

Upande wa pili wa hadithi ulitokana na damu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeitikisa Berlin, na gavana aliyeletwa mwaka 1906, Albrecht von Rechenberg, hakutaka walowezi waichokoze nchi mara ya pili. Sheria ya kazi ya mwaka 1909 iliweka masharti ya mikataba na kupeleka makamishna wa kazi katika wilaya za mashamba, kazi yao ikiwa ni kusikiliza malalamiko na kusimamia mikataba hiyo. Huyo ndiye babu wa afisa kazi tunayemjua. Walowezi hawakumpenda, na hawakuhitaji kumpenda, maana makamishna walikuwa wachache, mashamba mengi, na kiboko kiliendelea kuwa adhabu halali.

Siku 30 ndani ya 42, 1919–1938

Waingereza waliichukua Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na udhamini ulikuwa na sharti lisilowapendeza: kila mwaka ilibidi wapeleke taarifa Geneva, na watu wa Geneva waliuliza maswali juu ya kazi za lazima na ujira. Mwaka 1923 ilitungwa sheria ya mabwana na watumishi wa kienyeji. Ilisema mambo mawili kwa pumzi moja. Mfanyakazi aliyetoroka kazi ametenda jinai. Mwajiri aliyezuia ujira naye anaweza kufikishwa mbele ya hakimu.

Kwenye karatasi mizani ilikuwa karibu sawa. Lakini mtoro alitafutwa na askari, ilhali mwajiri alipaswa kushtakiwa na mtu asiyejua kusoma, aliye mbali na kwao, na ambaye ushahidi wake wote ulikuwa kadi iliyojazwa na mtu wa mwajiri huyohuyo.

Kipande cha zama hizi kilikuwa mkataba wa siku 30 za kazi, na kwa kawaida zilitakiwa zimalizike ndani ya siku 42. Nisiwe mwepesi wa kukihukumu. Mwenyeji wa jirani alikipenda kuliko mkataba wa mwaka, kwa kuwa zile siku 12 za ziada zilimruhusu kupalilia shamba lake, kwenda msibani au kukaa tu. Mwenye shamba naye alikipenda kwa kuwa hakulipia siku asizoziona. Aliyeumia ni mtu wa mbali. Waha wa Kigoma, Wangoni na Wabena wa kusini, watu wa Ruanda-Urundi, walioandikishwa kwa namba na kuitwa manamba, hawakuwa na shamba la kupalilia karibu. Kwao siku isiyoandikwa ilikuwa njaa, na kadi iliyochelewa kujaa ilikuwa safari ya kurudi nyumbani iliyosogezwa mbele.

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alianzisha Idara ya Kazi na kumweka Meja Granville Orde Browne kuwa kamishna wake wa kwanza. Huyu alikuwa mtu wa taarifa ndefu na safari ndefu. Maafisa wake walijenga kambi kwenye njia za manamba ili watu wapate chakula na mahali pa kulala, wakakagua nyumba za wafanyakazi, posho na vitabu vya malipo. Kwa mara ya kwanza kalamu ya mnyapara ilikuwa na mtu wa kuichungulia begani.

Ilidumu miaka mitano. Bei ya mkonge ilipoanguka katika mdororo wa uchumi wa dunia, wenye mashamba walikata ujira, na serikali nayo mwaka 1931 ikaifuta Idara ya Kazi ili kubana matumizi. Sijui uamuzi mwingine wa zama hizo ulioonyesha wazi zaidi ukaguzi ulithaminiwa kiasi gani: ulikuwa pambo la nyakati za neema, ukaondolewa wakati uleule ambao mfanyakazi alikuwa akikatwa ujira. Idara ilirudishwa mwaka 1938. Orde Browne alikuwa ameshaondoka nchini, na mwaka huohuo akawa mshauri wa masuala ya kazi wa Wizara ya Makoloni mjini London.

Bandari yagoma, 1939–1951

Shambani mtu aliyedhulumiwa alitoroka. Bandarini hakuwa na haja ya kutoroka, maana alikuwa na silaha nyingine: meli iliyotia nanga inakula fedha ya mwenyewe kila saa inayopita. Mwaka 1939 vibarua wa bandari ya Tanga waligoma. Walilipwa kwa kutwa, wakaitwa meli ikiingia na kusahauliwa ikiondoka, na hawakuwa na mkataba wowote wa kuwalinda siku ambayo bahari ilikuwa tupu.

Vita vya Pili vya Dunia viliukuza mkonge na kumbana mkata mkonge. Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Uholanzi vya Mashariki, nyuzi za kamba za meli zilitegemewa kutoka Afrika Mashariki, na serikali ikarudia kazi ya lazima, ikiandikisha watu kwa ajili ya mashamba. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kikaanzisha SILABU, ofisi ya kuandikisha manamba nchi nzima. Bei za vitu zilipanda. Ujira ulibaki nyuma ukihema.

Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waliweka mizigo chini. Mgomo ulipanda reli ya kati na kugusa miji ya bara, ukawaunganisha watu wasiojuana. Serikali iliunda baraza la kuamua, na ujira wa bandarini ukapanda. Jambo lililodumu kuliko nyongeza ile ni kwamba makuli walisajiliwa: sasa ilijulikana nani ni mtu wa bandari, na orodha hiyo haikuwa ya mwajiri mmoja. Wakaunda chama chao pia, ambacho serikali ilikivunja mwaka 1950 baada ya ghasia za mgomo mwingine.

Katika hekaheka zote hizo mtu angeweza kuuliza kima cha chini cha mshahara kilikuwa wapi. Sheria ya mwaka 1951 iliipa serikali uwezo wa kupanga ujira na masharti ya kazi kwa amri. Uwezo huo ulilala kabatini miaka kadhaa, na amri ya kima cha chini kwa mji wa Dar es Salaam ikatoka mwaka 1957.

Chama chashika kalamu, 1955–1963

Amri ile haikuota yenyewe. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, TFL, na katibu wake mkuu akawa kijana aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali na mcheza filamu, Rashidi Kawawa. Mwaka huohuo sheria mpya ya ajira ilitungwa kuchukua nafasi ya ile ya mabwana na watumishi. Ilikuwa ndefu na ya kisasa zaidi, na neno bwana lilitoka kwenye jina lake.

Katika mkonge, chama cha wafanyakazi wa mashamba chini ya Victor Mkello kiliingia mahali ambapo kwa miaka sitini mfanyakazi alikuwa peke yake na mnyapara. Wenye mashamba walipendelea mabaraza ya mashauriano waliyoyaunda wenyewe. Chama kilitaka kutambuliwa. Mgomo mrefu wa Mazinde, upande wa Korogwe, mwaka 1958, ulikuwa sehemu ya vuta nikuvute hiyo. Ukisoma madai ya miaka ile, shilingi zimo, lakini kipimo cha kazi nacho kimo: mafungu mangapi ni siku moja, na nani anayahesabu. Mfanyakazi alielewa kwamba nyongeza ya ujira inaweza kurudishwa mfukoni mwa mwajiri kimyakimya kwa kuongeza mafungu machache kwenye kipimo, bila kuvunja kifungu chochote cha sheria.

Uhuru ulipokuja mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kiinua mgongo kwa anayeachishwa kazi, na bodi iliyoongozwa na Mwingereza Donald Chesworth ilipendekeza kima cha chini kwa nchi nzima. Kuanzia 1963 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na kima cha shilingi 150 kwa mwezi, na maeneo ya mashambani yaliwekewa viwango vya chini yake. Mantiki ya Chesworth ilikuwa kwamba mshahara umtunze mtu na familia yake mjini, tofauti na hesabu ya kikoloni iliyodhani mke na watoto wanajilisha kijijini. Mwezi ukachukua nafasi ya kadi.

Waajiri walitii, kwa namna yao. Walilipa kima kipya kwa watu wachache zaidi, na kubana vipimo. Baadaye lawama zote za kupungua kwa ajira mashambani zikatupiwa ujira huo, na mimi naona hiyo ni nusu ya ukweli. Uzalishaji wa mkonge ulifika kilele cha zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964, kisha nyuzi za plastiki zikaliharibu soko. Hata ujira wa mwaka 1930 usingeliokoa.

Mwaka uleule wa 1962 ilipita pia sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi iliyofanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno. Januari 1963 Mkello mwenyewe alipelekwa kuishi Sumbawanga kwa amri ya serikali. Aliyekuwa ameshika kalamu kwa niaba ya wakata mkonge sasa alikuwa mbali na mkonge kadiri ramani ilivyoruhusu.

Mwajiri ni serikali, 1964–1990

Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, na mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja chini ya sheria. Katibu mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Jaribu kuipanga safari ya malalamiko katika mfumo huo: mfanyakazi analalamika kwa chama, chama kinapeleka kwa wizara, na kileleni mwa vyote viwili ameketi mtu mmoja.

Haki haikufutwa. Sheria ya usalama wa ajira ya 1964 ilimpa mfanyakazi kinga ambayo hakuwahi kuwa nayo dhidi ya kufukuzwa ovyo, ikaunda kamati za wafanyakazi kazini na kanuni za adhabu zilizoandikwa. Mwaka 1967 likaja baraza la kudumu la kazi. Mwaka huo pia Azimio la Arusha liliyataifisha mashamba mengi ya mkonge pamoja na viwanda na mabenki, na mwajiri mkubwa kuliko wote akawa serikali yenyewe. Afisa kazi aliyekwenda kukagua shirika la umma alikuwa mtumishi akimkagua mtumishi mwenzake, mara nyingi mkubwa wake kwa cheo.

Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa mwaka 1971 ulifungua mlango ambao chama chenyewe hakikuutarajia kufunguka sana. Ulikemea viongozi wenye kiburi na ubabe, na wafanyakazi waliusoma kwa makini. Viwandani watu walianza kugoma, kuwafungia mameneja nje, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: walimtoa mwenye kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe. Serikali iliwavumilia hao. Walioiga baadaye hawakuvumiliwa, na wimbi likatulia.

Kilichomaliza kabisa maana ya kima cha chini katika miaka ya 1980 kilikuwa bei ya unga. Mshahara ulilipwa tarehe yake, kwa kiwango cha sheria, na uliisha kabla ya wiki ya pili. Mtu alisaini daftari la mahudhurio asubuhi, saa nne akawa kwenye mradi wake wa kuku au maandazi, na bosi hakumuuliza kwa kuwa naye alikuwa na mradi. Daftari lilikuwa safi. Ndiyo zama pekee ambayo mfanyakazi ndiye aliyeandikiwa saa ambazo hakuzifanya.

Mzigo wa kuthibitisha, 2004 hadi sasa

Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulirudisha mwajiri binafsi na kibarua wa kutwa. Mashirika yaliuzwa, watu wakapunguzwa kwa maelfu, na wengi walirudi getini palepale kama vibarua wasio na karatasi. Sheria za zamani zilizojengwa kwa ajili ya mfanyakazi wa kudumu hazikuwafikia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004, pamoja na Sheria ya Taasisi za Kazi Namba 7, zilizifuta nyingi za hizo. Masharti ya saa yamo wazi: siku sita kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa tisa kwa siku. Muda wa ziada ni kwa makubaliano, usizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na kila saa ilipwe mara moja na nusu. Siku ya mapumziko hulipwa mara mbili. Saa ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia tano. Afisa kazi anaweza kutoa amri ya utekelezaji kwa mwajiri aliyekiuka, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoanza kazi mwaka 2007, husikiliza migogoro. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2005.

Kwa maoni yangu kifungu kizito kuliko hivyo vyote kinasomwa na wachache. Ni kifungu cha 15. Kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, yakiwemo saa za kazi na ujira, na ayatunze miaka mitano baada ya ajira kwisha. Kisha kinasema kwamba ikifika mashtaka na mwajiri hana maandishi hayo, ni juu ya mwajiri kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Tangu kadi ya Lushoto, karatasi iliyokosekana ilimuumiza mfanyakazi. Hapa kwa mara ya kwanza sheria ilisema imuumize aliyepaswa kuiandika.

Tuangalie inavyofanya kazi kwa mlinzi wa usiku. Chukua mwenye mshahara wa shilingi 195,000. Kwa jedwali la sheria mwezi una wiki 4.333, kila wiki saa 45, kwa hiyo saa yake moja ni kama shilingi 1,000 na ya ziada 1,500. Anaingia lindo saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa wiki. Hata tukimtolea saa moja ya mapumziko kila usiku, amefanya saa 66, yaani 21 za ziada kwa wiki na 84 kwa wiki nne, wakati ukomo ni 50. Anadai shilingi 126,000 za muda wa ziada pekee, kabla ya nyongeza ya usiku. Makampuni hutaja ruhusa ya kufanya saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, na ruhusa hiyo ipo kweli, ila ni kwa makubaliano ya maandishi, isizidi siku tano kwa wiki, na saa za kawaida zibaki 45.

Kwa mtumishi wa nyumbani hesabu hiyo haifanyiki kabisa, maana hakuna lindo la kusaini. Amri ya mishahara ya 2013 ilimwekea anayeishi kwa mwajiri shilingi 40,000 kwa mwezi, na kiwango hicho kilikaa hadi amri ya 2022, iliyoanza Januari 2023, ilipokifikisha 60,000. Saa zake ni zilezile 45 kisheria. Anaamka kuwaandaa watoto wa shule na kulala baada ya kuosha vyombo vya usiku.

Mlinzi wetu, akiamua kudai, ana daftari la lindo lenye saini zake, ingawa linakaa kwa mwajiri. Ana kifungu cha 15. Ana Tume. Ana pia siku 60 tangu mgogoro ulipotokea kupeleka dai la namna hiyo, na siku 30 tu kama anapinga kuachishwa kazi. Aliyenyamaza miaka mitatu akiogopa kupoteza lindo, akaja kulipoteza hata hivyo, kwanza atajaza fomu ya kuomba aongezewe muda, na ndani yake aeleze kwa maandishi kwa nini alichelewa.